Zamu ya Sauti

Shule ile ilikuwa na kengele yake, rimu ya lori iliyoning'inia nje ya ofisi ya mkuu, lakini iligongwa siku za wageni tu. Siku nyingine ilitosha mwalimu wa darasa la kwanza kusema "Kaeni." Darasa la saba, ng'ambo ya uwanja, lilikaa. Akisema "Simameni," muuza karanga wa nje ya lango alisimama na kapu lake. Wakamwita Bi Kengele, naye hakulikataa jina, kwa kuwa alikuwa ameshaitwa mabaya zaidi na watu waliokuwa wakijaribu kulala mchana.

Alikuwa mfupi, mnene kiasi, na hakuna aliyejua sauti ile ilikaa wapi mwilini mwake. Mumewe, fundi cherehani, alidai ililala miguuni na kupanda kila asubuhi kwa kifungua kinywa. Nusu ya mtaa ule ilijua kusoma kwa sababu aliifundisha. Nusu nyingine ilijua kusoma kwa sababu ilipita nje ya dirisha lake.

Aliyeumia zaidi ni jirani yake, mwalimu wa hesabu wa darasa la pili, mrefu, mkavu, aitwaye Desimali kwa kuwa hata umri wake aliutaja kwa nukta. Kati ya vyumba vyao palikuwa na kipande cha plaiwudi kilichowekwa kwa muda, zamani, na mkuu wa shule aliyekwisha kustaafu. Desimali alikuwa na sauti ya mtu anayeuliza njia.

"Mimi nauliza tisa kujumlisha nne," alilalamika, "watoto wangu wanajibu ba."

Alimshitaki kwa mkuu, akamshitaki kwa chama cha walimu. Chama kikaunda kamati. Kamati ikaketi, ikanywa chai, ikashauri majirani waheshimiane. Haikuvunjwa, kwa hiyo kwa mujibu wa kanuni bado inaketi.

Mwaka wenyewe ulianza vibaya. Mwalimu mmoja wa darasa la kwanza alistaafu, akapewa saa ya ukutani ili ajue muda ambao hauhitaji tena. Wa pili alihamishwa. Wa kuziba nafasi zao hakuja. Mkuu wa shule, mtu mpole aliyeogopa kila ofisi iliyo juu ya ofisi yake, akamwita Bi Kengele.

"Mwalimu, tunaunganisha mikondo yote mitatu kwako. Kwa muda tu."

Kwa muda, kama ile plaiwudi. Watoto wakajaa chumbani kama dengu kwenye gunia: juu ya madawati, kati ya madawati, wengine dirishani, miguu nje. Bi Kengele akapaza sauti. Wa nyuma hawakusikia, akapaza zaidi. Sauti ni kama kitambaa, mumewe alikuja kusema baadaye, ukiivuta huku na huku haichaniki katikati, inaachia mshononi. Iliachia asubuhi moja, katikati ya "nga". Alifungua kinywa, ukatoka upepo. Watoto, kwa kuwa walifundishwa vizuri, wakafungua vinywa, wakatoa upepo.

Daktari alimmulika koo kwa tochi.

"Unyamaze. Hata kunong'ona usinong'one. Ukinyamaza vizuri, itarudi. Ukiilazimisha, utabaki na sauti ya jogoo mwenye mafua."

Bi Kengele akamuuliza kwa vidole, hadi lini.

"Hadi itakapotaka yenyewe."

Mkuu wa shule alilipokea jambo hilo kwa masikitiko ya dhati, kisha akatoa kanuni. "Mwalimu, mimi nakuheshimu kama dada yangu. Ila asiyeweza kusema hahesabiwi kuwa yumo darasani. Mkaguzi anakuja muhula huu. Akikukuta hivi atakupeleka bohari ya vitabu ya wilaya. Na si kazi mbaya, mama. Ya kukaa. Vitabu havipigi kelele."

Bi Kengele alikwisha kuiona bohari ile. Vitabu viliingia na havikutoka, na panya wa humo ndio waliosoma kuliko wote wilayani. Walimu waliopelekwa kule hawakuwahi kurudi darasani. Wengine wangefurahi. Yeye hakutaka. Alikuwa amekataa ualimu mkuu mara mbili, akakataa darasa la saba lenye watoto wanaofuta ubao wenyewe, kwa sababu ya jambo moja asiloweza kulieleza hata alipokuwa na sauti: mtoto huimba herufi miezi na miezi kama kasuku, halafu siku moja, bila kuagizwa, anatulia, anakunja uso, na neno linafunguka mbele yake kama mlango wa kwao. Bi Kengele alikuwa ameuona mlango huo ukifunguka mara nyingi mno, na bado hakuwa ameshiba. Lile gunia la dengu halikuwa limefika hata robo ya njia. Hakutaka kuliacha.

Nyumbani, fundi alianza kwa kufurahi.

"Nyumba imepoa, mama watoto. Naisikia sindano inavyokwenda."

Baada ya wiki akawa anagombana na cherehani. Baada ya nyingine akaacha kukanyaga, akamtazama mkewe aliyekuwa akichambua mchele. "Ungenitukana basi, hata kidogo. Mtu anakosea mkono wa shati hapa, haambiwi kitu, mtu atajuaje kama amekosea?"

Mkewe akalichukua shati, akaliona, akamrushia usoni. Fundi akashukuru.

Jumamosi, chama kikaja.

Mwenyekiti wa tawi alitangulia, na wajumbe watatu nyuma yake, na koti lenye kalamu nne mfukoni, ingawa hakuna aliyekumbuka alipoandika kitu mara ya mwisho. Chaki hakuwa ameishika tangu achaguliwe, na alichaguliwa wakati wajumbe wale watatu bado wana nywele. Walijibana kwenye kochi kati ya marobota ya vitambaa. Mwenyekiti akasimama.

"Mmoja akiumia."

"Wote tumeumia," wakaitikia wajumbe, wenye makoo mazima kabisa.

"Mwalimu wetu, dada yetu. Chama kimeshtuka. Kabla hatujaendelea, tungependa mwenyewe atueleze, kwa maneno machache, yaliyomsibu."

Fundi alisubiri adabu ifanye kazi yake, haikufanya.

"Hana maneno, Mwenyekiti. Ndiyo yaliyomsibu."

"Basi machache sana."

Bi Kengele akachukua kibao cha mjukuu wake, akaandika: Nahitaji mtu wa kuwa sauti yangu darasani. Mwenyekiti alikisoma kwa sauti, akakisoma tena akiwatazama wajumbe, akatikisa kichwa kwa uzito.

"Hoja nzito. Tutaipeleka mbele."

"Mbele wapi?" fundi akauliza.

"Mbele," akasema Mwenyekiti, akaonyesha ukuta wenye kalenda.

Wakaacha fulana yenye picha ya mdomo uliofungwa kwa kufuli. Ilikuwa ndogo kwa Bi Kengele na kubwa kwa mjukuu. Fundi aliichunguza mishono, akasema aliyeishona angepelekwa bohari yeye.

Hoja ikapelekwa mbele, na huko mbele ikageuka maandamano. Yangekuwa maandamano ya kimya, mjini kote, asubuhi ya Jumatano, walimu wote wa shule, kumuunga mkono mwenzao aliyepoteza sauti. Wazo lilisifiwa sana. Mjumbe mmoja alisema limemtoa machozi, na huyo ndiye aliyelitoa.

Jumatano walimu walijipanga uwanjani wakiwa na fulana zao. Mkuu wa shule alikuwa amekumbuka semina. Mwenyekiti akaingia darasa la kwanza kumchukua Bi Kengele akatangulie mbele, chini ya bango. Bi Kengele akatikisa kichwa, akaonyesha watoto.

"Lakini ni kwa ajili yako," Mwenyekiti alisema, kama mtu aliyekataliwa zawadi. "Hawa watajiangalia."

"Darasa la kwanza likijiangalia, jioni hulikuti," alisema Desimali kutoka mlangoni. Hakuwa na fulana.

"Na wewe mbona hujajipanga?"

"Siendi."

"Unamsaliti mwenzako."

"Mwenyekiti, miaka yote nimemshitaki kwenu kwa kelele, mkakaa kimya. Leo yeye ndiye kimya, nyinyi mnataka kupita mjini. Hesabu hii nimeifanya kwa njia zote, haitoki."

Wakaondoka bila yeye. Na yale maandamano ya kimya yalikuwa ya kimya kweli, hadi langoni. Nje ya lango mwalimu wa jiografia alimwona mvulana barabarani, akasema, "Wewe, sare yako iko wapi?" Mwalimu wa sayansi akamwambia mwendesha baiskeli ashike upande wake. Mwingine akakomesha ugomvi kwenye bomba la maji na kutaka kujua nani alianza. Huwezi kumzuia mwalimu kusema kama usivyoweza kumzuia bata kuogelea. Walipofika sokoni wakawapanga wachuuzi kwa urefu. Mwenyekiti, kwa hasira, akapanda juu ya meza ya nyanya na kuanza kueleza maana ya kimya, na alieleza hadi adhuhuri.

Nyuma yao, shule nzima ilibaki na mwalimu mmoja asiye na sauti na mmoja asiyesikika.

Watoto wa madarasa yote walimiminika uwanjani. "Jamani," alisema Desimali. "Jamani, tafadhali." Akakanyagwa mguu. Bi Kengele akatoka nje na chaki. Katika siku zake za kimya alikuwa amewafundisha wadogo lugha ya mikono: kiganja juu, simameni, kiganja chini, kaeni, makofi mawili, tazameni. Akapiga makofi mawili. Dengu zake zikatulia, zikatazama. Kiganja kikashuka, zikakaa vumbini zote kwa pamoja, na wakubwa walipoona wadogo wamekaa wakaona aibu, wakakaa. Akageukia ukuta wa nje, akaandika "ba" kubwa kama dirisha. Akamvuta Desimali mkono, akamsimamisha kando ya herufi.

"Niseme nini?"

Akamwonyesha kwa midomo.

"Ba," alisema Desimali.

Mkono ukaashiria: juu zaidi.

"Ba."

Juu zaidi.

"Nimepaza, mama, hii ndiyo yote niliyo nayo."

Bi Kengele akamtazama kama anavyomtazama mtoto aliyesahau kalamu kwa makusudi. Desimali akavuta pumzi, akafumba macho, akapiga "ba" iliyowaamsha njiwa kwenye bati. Shule nzima ikaitikia. Akafumbua macho, akaonekana kushtuka kama aliyekuta chumba cha ziada nyumbani kwake.

Walikuwa wamefika "bu" mkaguzi alipoingia. Alikuwa mgeni wilayani, mama wa makamo mwenye viatu vya kutembelea na mkoba mzito, na alisimama kando muda mrefu kabla hajasogea.

"Walimu wako wapi?"

"Wamekwenda kumuunga mkono huyu," alisema Desimali.

"Na huyu yuko hapa."

"Ndiyo."

"Peke yake."

"Yeye na nusu. Nusu ni mimi."

Mkaguzi akamgeukia Bi Kengele, akamuuliza jina. Bi Kengele akaonyesha koo lake, akatikisa kichwa. Mkaguzi akafungua mkoba, akaufunga, akatazama tena zile safu za watoto.

"Mama, sitakudanganya. Kanuni inataka darasa liwe na sauti. Ila nimeisoma vizuri, haisemi sauti itoke kinywani mwa nani. Nitarudi, na sitasema lini. Kipindi chochote nitakachokikuta hapa, kikiwa na sauti, unabaki. Kikikosa, naandika bohari."

Kesho yake Desimali aliwasubiri wenzake kwenye chumba cha walimu. Walikuwa wamechoka, nyayo zimevimba, kila mmoja akisimulia maandamano kana kwamba wengine hawakuwepo.

"Nyinyi mna zamu ya usafi," aliwaambia, "zamu ya lango, zamu ya chai. Naomba zamu ya sauti. Mwenye kipindi cha bure aingie darasa la kwanza, asimame, aseme anachoonyeshwa. Basi."

"Lakini sisi tumeshaandamana," alisema mwalimu wa historia.

"Miguu tumeiona. Sasa tunaomba koo."

Vijiko vikazunguka vikombeni. Kipindi cha bure ni mboni ya jicho la mwalimu. Atakupa shati lake kwanza. Lakini Desimali alikuwa mtu wa kuomba kitu kimoja kila baada ya miaka kumi, na alibaki amesimama, na chai haiwezi kukorogwa milele. Mwalimu wa jiografia akasema atachukua Jumatatu. Wa sayansi akasema kama ni hivyo hata yeye. Desimali mwenyewe akachukua vipindi ambavyo hakuna aliyevitaka, akiwapa darasa la pili mazoezi na kuwasimamia kwa kuchungulia juu ya plaiwudi.

Basi watoto wakafundishwa na mikono ile ile na sauti tofauti. Mwalimu wa historia alisema "ba" kana kwamba ilitokea zamani sana. Wa michezo aliisema huku akikimbia mahali pamoja. Mkuu wa shule, aliyeingia mara moja akidhani anakagua, aliisema kana kwamba anaomba ruhusa. Watoto waliwaiga wote. Jioni ungepita mtaani ukasikia walimu saba wakizungumza kisimani, na kumbe ni wasichana watatu wanachota.

Palibaki pengo moja: Ijumaa, kipindi cha kwanza, saa ambayo kila mwalimu yuko darasani kwake na Desimali ana mtihani wa wiki. Akaenda ofisi ya chama.

"Mwenyekiti, Ijumaa asubuhi uje uwe sauti ya darasa la kwanza."

"Ijumaa nina kikao."

"Cha nini?"

"Cha mshikamano."

"Kihamishie huko."

Mwenyekiti akacheka, kwa kuwa alidhani ni mzaha.

"Uchaguzi wa tawi ni mwezi ujao," aliendelea Desimali, bila kukaa. "Na mimi siku hizi nikisema, walimu wanageuka kunisikiliza."

Mwenyekiti akaacha kucheka.

Ijumaa aliingia na koti na kalamu zake nne. Watoto wakasimama wote. "Shikamoo, mwalimu." Akageuka nyuma kuona mwalimu ni nani. Bi Kengele akashusha kiganja, wakakaa, akamkabidhi fimbo ya kuonyeshea ubaoni. Mwenyekiti akaishika kama kipaza sauti.

"Ndugu wanafunzi. Mmoja akiumia."

Mwenyekiti akangoja.

"Anakwenda kwa mama yake," alisema msichana wa mbele.

"Mwalimu, naomba kwenda chooni," alisema mwingine.

Bi Kengele akagonga meza, akaonyesha ubao.

"Naam. Kabla sijaingia kwenye ba, ningependa kugusia kwa ufupi historia ya..."

Hapo ndipo Bi Kengele alipomwona mkaguzi. Alikuwa ameingia kwa mlango wa nyuma, ameketi kwenye dawati la watoto, magoti yanakaribia kidevu, mkoba mapajani. Mwenyekiti hakumwona, na hata angemwona asingemjua. Alikuwa ameshafika kwenye waasisi wa tawi. Nyuma watoto walianza kusukumana. Wa dirishani walikuwa wameshatoa miguu nje. Miezi yote ya kunyamaza, mikono yote iliyochoka, dengu zote hizo, sasa vilining'inia kwenye kinywa cha mtu ambaye hakuwahi kukimaliza kitu alichokianza kwa neno "ufupi".

Neno lilimpanda Bi Kengele hadi mzizi wa ulimi. Alijua akiliachia litatoka la jogoo, na kwamba halitafuatiwa na jingine. Akalimeza. Akaenda hadi kwa Mwenyekiti, akaushika mkono wenye fimbo kama anavyomshika mtoto anayeandika kwa mara ya kwanza, akaupeleka ubaoni, akauweka chini ya herufi, na hakuuachia. Akamtazama.

Mwenyekiti alikuwa ametazamwa na wakubwa wengi. Hakuwa ametazamwa hivyo tangu alipokuwa na umri wa miaka saba.

"Ba," alisema.

"Ba," likajibu darasa, na vumbi likadondoka kutoka darini.

Mwenyekiti akawatazama watoto. Kwa miaka yote ya kuita na kuitikiwa, aliitikiwa na watu wanaosubiri chakula cha mchana. Hawa hawakusubiri chochote.

"Be," akajaribu.

"Be."

"Bi. Bo. Bu."

Mkono ukamwachia, yeye hakuona. Walipofika "baba" alikuwa amevua koti. Walipofika "bibi" kalamu mbili zilikuwa zimeanguka na hakuinama. Alikosea mara moja, akaruka mstari, msichana wa mbele akamrudisha, akasema, "Samahani," akarudi. Alitoka jasho. Sauti yake, iliyozoea viwanja, ilifika hadi kwa wa dirishani, nao wakaingiza miguu ndani.

Bi Kengele alirudi nyuma polepole, akaegemea ukuta kando ya dawati la mkaguzi.

"Unabaki, mama," mkaguzi alisema bila kugeuza kichwa. "Hadi itakaporudi. Nitaandika hivyo leo." Kisha akaonyesha mbele kwa kidevu. "Huyu mwalimu mpya, ana uzoefu?"

Bi Kengele akafikiri. Akaunyoosha mkono, akakipindua kiganja huku na huku.

"Nilidhani hivyo," alisema mkaguzi. Akatoa kalamu, akaandika kwamba mwalimu mpya ana sauti nzuri na bidii, ila bado anahitaji sana kusaidiwa na wenzake.